Maji Yaliyofanana na Magadi

Watu wa Mkata walimjua Zamda Mdoe kwa harufu kabla ya kumjua kwa sura. Akipanda basi, abiria walisogea dirishani. Akifika msibani, alijitafutia mahali penye upepo, akaketi huko peke yake na kitenge chake ili asimkere mtu. Hakuwa mchafu. Alioga asubuhi na jioni, na nguo zake alizianua zikiwa safi kuliko za majirani. Ila kazi ya kiwanda cha ngozi huingia kwenye vinyweleo vya mtu kama moshi unavyoingia kwenye paa la nyasi, na sabuni haina la kufanya.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kando ya barabara kuu, mbali kidogo na mji, na wakati huo kilikuwa mali ya serikali. Ngozi zilizotiwa chumvi zilifika hapo kutoka pande zote za Handeni, zikalazwa kwanza ndani ya chokaa iliyochanganywa na dawa ya kunyonyolea manyoya. Manyoya yakishaachia, zilioshwa na kulazwa ndani ya maji yenye tindikali, ndipo zikawa tayari kupokea rangi ya magome ya miwati. Kila hatua iliacha maji yake machafu, yaliyokusanywa kwenye bwawa lake. Yale ya chokaa yalikuwa na ukali wa namna yake, yanateleza vidoleni na kula ngozi polepole. Yale ya tindikali yalikuwa na ukali wa namna nyingine, yanachoma palepale. Kazi ya Zamda ilikuwa kuyakutanisha. Alifungua koki ya huku, akafungua koki ya kule, akachovya kipande cha karatasi ya litmasi na kuangalia rangi, mpaka kila upande ulipouvunja ukali wa mwenzake na maji yakawa mapole.

Aliyemfundisha alikuwa fundi Ezra, Mshambaa wa Lutindi, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua lilipokuwa utosini.

"Binti, kufungua koki hata mbuzi anaweza," alimwambia wiki ya kwanza. "Mimi nakufundisha kuifunga."

Fundi Ezra alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka wafanyakazi wengine wakawa wanamwigiza mgongoni. Maji ya manyoya, yaani yale ya chokaa, yasikutane na tindikali kabla hayajapigwa upepo. Yalipaswa kukorogwa kwa makasia siku baada ya siku, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hewa iliyolala. "Ukiiamsha kwa tindikali utasikia mayai viza," alisema. "Na ukiona umeacha kuisikia harufu huku bado umesimama palepale, usidhani imekwisha. Pua yako ndiyo iliyokwisha. Kimbia." Zamda hakucheka. Aliishika amri ile kama mtu anavyoshika sala, na miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyedhurika kwenye mabwawa.

Kisha likaja soko huria. Malori ya wafanyabiashara yalianza kusimama barabarani, yakichukua ngozi mbichi kutoka mikononi mwa wachinjaji na kuzipeleka bandarini zikiwa na chumvi na damu yake. Ngozi za kufika kiwandani zikapungua. Serikali ikakiuza kiwanda. Mnunuzi alikuja akiwa na suti na maneno mazuri, akaagiza shehena moja kubwa inyonyolewe manyoya, akaipakia ikiwa bado na chokaa, akaondoka nayo. Hatua ya tindikali hakuihitaji, kwa hiyo tindikali iliyobaki ghalani iliuzwa kwa wachaji wa betri wa Mkata. Wafanyakazi waliambiwa wasubiri nyumbani. Fundi Ezra alikwenda zake Korogwe. Mashine zikang'olewa, na baadaye seng'enge ya mabwawa nayo ikang'olewa na watu ambao hakuna aliyewaona.

Likabaki bwawa la manyoya, limejaa maji ambayo hayakupigwa upepo na hayakupata mwenzake wa kuyapooza.

Zamda aliendelea kwenda. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na shamba la mihogo lililokauka na nyumba isiyo na mtu mwingine, na kila asubuhi miguu yake ilimpeleka kule kwa mazoea. Alikoroga kwa kasia moja lililosalia, mpaka mabega yakamshinda. Bwawa lilikuwa la kukorogwa na watu kumi. Yeye alikuwa mmoja.

Mwaka ule wa tisini na saba ulianza bila mvua. Vuli haikuwa imenyesha, na lambo la kijiji lilipungua mpaka likawa tope lenye nyayo. Maji ya bwawa la manyoya nayo yalishuka, na kadiri yalivyoshuka yaliacha kingoni utando mweupe, mkavu, unaong'aa. Chumvi ya ngozi na chokaa ya miaka vilikuwa vimegandana pale. Kwa mtu aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, utando ule ulikuwa na jina moja tu: magadi, chumvi ya kulambisha mifugo.

Lemayian ndiye aliyetangulia kuuona. Alikuwa kijana wa Naitoi, mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa mjane, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Naitoi na Zamda walijuana tangu kiwanda kikifanya kazi, Naitoi alipokuwa akiwauzia wafanyakazi maziwa. Mwaka ambao chokaa ilimchoma Zamda mguu akalala ndani akiwa hawezi kukanyaga, Naitoi alimletea maziwa kila asubuhi, akayaweka mlangoni na kuondoka, wala hakutaka kulisikia neno asante. Zamda hakusahau. Mali yote ya mama yule ilikuwa ng'ombe wake, na ng'ombe wale sasa walionekana mbavu.

Siku hiyo Zamda alimkuta Lemayian amechuchumaa ukingoni, ameweka kipande cha utando ule kiganjani, anakigeuzageuza.

"Dada Zamda, kumbe unakalia magadi na hutuambii."

"Kitupe hicho. Si magadi."

"Meupe."

"Hata unga ni mweupe."

"Unga ng'ombe hawaukimbilii." Alinyoosha kidevu. Nyuma yake fahali mmoja alikuwa akivuta pua kuelekea bwawani huku kamba ikimkaba. "Mwulize huyu."

"Maji haya ni makali, Lemayian. Yanaunguza."

"Magadi matamu uliyaonja wapi?"

"Yanateleza vidoleni kama sabuni."

"Ndiyo magadi yenyewe unayonieleza. Endelea, unayajua vizuri."

Zamda alifungua pindo la kitenge, akatoa karatasi moja ya litmasi aliyoihifadhi ndani ya nailoni. Aliichovya, akamwonyesha. Ilikuwa imegeuka bluu iliyokolea. "Ikiwa hivi, maji hayanyweki," alisema, na moyo wake ukatulia kidogo, kwa maana karatasi haikuwahi kumwangusha.

Kijana alifikiri. Kisha alifungua kibweta cha tumbaku cha mama yake alichokuwa amekitia kiunoni, akachagua bonge dogo la magadi ambayo Naitoi huchanganya na ugoro, akaliyeyusha kwa mate kiganjani.

"Na haya?"

Zamda alichovya upande wa pili wa karatasi. Bluu.

Lemayian hakumcheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyemshinda dada yake bao. "Karatasi yako inayajua magadi kuliko wewe."

Alijua kwa hakika kwamba maji yale yataua, na kila alichokuwa nacho cha kuthibitisha kilisema kwamba ni magadi. Aliifuta karatasi kwa kitenge, akairudisha pindoni.

Naitoi mwenyewe alifika baadaye, akitembea polepole na fimbo yake. "Takwenya," alimwamkia.

"Iko, mama."

"Lemayian ameniambia. Mwanangu, mimi nakuheshimu. Lakini lambo limekuwa tope, na ng'ombe hawali heshima. Ukiniambia hapana, nipe sababu ya kushika mkononi."

"Mama, nipe muda nimfuate fundi Ezra. Yuko Korogwe. Msiwalete hapa kabla sijarudi."

Naitoi aliyatazama maji, akamtazama Zamda. "Tutasubiri. Usikawie."

Kesho yake Zamda alipanda basi la kwanza la alfajiri. Alimkuta fundi Ezra kando ya soko la Korogwe, amekaa juu ya kigoda, anasokota kamba za katani za kufungia mbuzi. Kofia ya sufu ilikuwa ileile.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Bado unanuka kazi. Vizuri."

Zamda alimweleza yote kwa mfuatano, bila kuruka. Alipomaliza alisema, "Nitafutie tindikali, fundi. Popote ilipo. Niyapooze mara moja."

Mikono ya mzee iliacha kusokota. "Bwawa ambalo halijapigwa upepo? Umwage tindikali kwa ndoo? Utaanguka wewe kwanza, kisha ng'ombe watakaopita upande wa upepo, kisha atakayekuja kukuokota. Nilikufundisha nini?"

"Nimelikoroga peke yangu mpaka nimechoka. Wana kiu. Hawaniamini. Karatasi inasema magadi."

"Karatasi haijui sumu. Inajua ukali tu, na magadi yana ukali huohuo. Ulimwuliza shahidi asiyehusika." Alimgeukia mama muuza ndimu aliyekuwa pembeni yao. "Mama, nikopeshe mbili." Alimkabidhi Zamda. "Chota maji ya bwawa kidogo kwenye kikombe. Magadi yatie kwenye kikombe kingine. Kamulia ndimu kote kuwili. Magadi yatatoa povu, basi, hayana kisa kingine. Kile kikombe cha bwawa kitatoa mayai viza. Hapo mpe mama mwenye ng'ombe anuse mara moja tu, na kikombe ukimwage mbali. Ndimu moja haiui mtu. Lakini itasema."

Zamda aliziangalia ndimu zile kwa muda. Miaka yote hiyo alikuwa na jibu jikoni kwake.

"Nenda," alisema mzee. "Usinishukuru. Nenda."

Basi la kurudi lilikuwa limeegeshwa stendi, konda ameegemea mlango. Zamda alipanda, akamwomba waondoke. Konda akamjibu kwamba basi haliondoki na upepo, linaondoka na watu. Zamda alishuka, akatafuta lori, lori likamkatalia. Akarudi kukaa kwenye kiti kilekile, ndimu zimefungwa pindoni, huku jua likipanda na abiria wakija mmoja mmoja na mafurushi yao, wakiagana na ndugu kwa raha zote. Aliomba ndani ya moyo wake, si kwa maneno, ila kwa kuhesabu viti vilivyobaki vitupu. Basi lilipoondoka hatimaye, kila kituo kilimchoma. Segera walisimama kununua machungwa. Zamda alifumba macho ili asiwaone wakichagua.

Aliziona shuka nyekundu kabla basi halijafika kiwandani. Zilikuwa zimesimama juu ya ukingo mweupe.

Tope la lambo lilikuwa limekauka asubuhi ile. Lemayian alikuwa amesubiri mpaka ndama mmoja alipoanguka kwa kiu, na hapo hakuweza kusubiri tena. Aliwaleta kwa utaratibu wa boma lao, ambao baba yake aliufuata na babu yake pia: wanaonyonyesha hutangulia kunywa peke yao, kwa sababu ni dhaifu na hawawezi kusukumana, na madume hungoja mbali mpaka waitwe. Kwa hiyo wale waliokuwa wametoka majini, midomo inatiririka na ndimi zinarambaramba chumvi kingoni kwa furaha, walikuwa ng'ombe wa maziwa wa Naitoi. Wote.

"Wazuieni waliobaki," Zamda alisema akikimbia. "Lemayian, wazuie."

"Wamekunywa vizuri, dada. Waone walivyochangamka."

Naitoi alikuwa amesimama pembeni. Zamda hakubishana na kijana. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akaomba vibuyu viwili vidogo na bonge la magadi, akachuchumaa. Naitoi akamshikia kibuyu. Alikamua ndimu ya kwanza kwenye magadi. Povu likapanda, likashuka.

"Nusa, mama."

"Hakuna kitu."

Alikamua ya pili kwenye maji ya bwawa. Hakukuwa na povu la maana. Naitoi aliinamisha uso, akaurudisha haraka, akafunika pua kwa shuka. Lemayian naye alinusa, na uso wake ukabadilika.

"Hii ndiyo sababu ya kushika mkononi," Zamda alisema kwa sauti ya chini. "Uchachu ndio unaoiamsha hewa ya sumu iliyolala humu."

Naitoi alisema maneno machache kwa Kimaasai, na vijana wakawageuza madume na mitamba kwa fimbo, wakawasukuma hadi ng'ambo ya barabara, wanyama wakilia na kugeuza vichwa kuelekea majini. Kisha mama alimtuma binti mmoja. "Leta maziwa ya mgando. Yote. Tuwanyweshe hawa waliokunywa, wasafishike." Ndivyo walivyomtibu siku zote mnyama aliyekula kibaya.

Zamda alimshika mkono. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kusema. "Mama, usiwape. Maziwa yale yamechacha. Ni ndimu ile ile."

"Basi niwape nini?"

"Sijui."

"Tumboni mwa ng'ombe mna uchachu wake," Naitoi alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Hata nisipowapa kitu."

Zamda aliuachia mkono wake.

Waliketi karibu na ng'ombe waliokunywa. Mchana uliinama. Wa kwanza kulala alikuwa jike mwekundu mwenye ndama mchanga. Tumbo lilimvimba, akahema kwa mdomo wazi, akanyoosha miguu. Ndama aliendelea kutafuta chuchu. Kisha wengine wakafuata, mmoja hapa, mmoja pale, na hakuna aliyekuwa na la kufanya isipokuwa kuwaondoa ndama. Lemayian alisimama mbele ya Zamda, macho yamemwiva.

"Ulisema makali. Hukusema yanaua."

"Nilidhani nimesema."

"Hukusema."

"Mwache," Naitoi alisema. "Mimi ndiye niliyesema tusubiri, na wewe ndiye uliyechoka kusubiri. Sote tumo."

Kabla jua halijazama lori moja la ngozi lilipunguza mwendo, likasimama. Mtu alitoa kichwa dirishani, akaitazama mizoga ya ng'ombe iliyolala kando ya ukingo. "Mama, poleni. Ngozi hizo mna mpango nazo?"

"Mpango tuliokuwa nao ulikuwa maziwa," Naitoi alimjibu.

Yule mtu alingoja kidogo, akaona hakuna anayemtazama tena, akapiga gia.

Ng'ombe waliobaki hawakuwa wamegusa maji tangu jana yake. Maji ya karibu ya kutegemewa yalikuwa Mto Pangani, na njia ya kwenda huko ilipita katikati ya mashamba ya Wazigua, ambao mwaka huo walikuwa na mihogo michache tu ya kuwavusha na mapanga ya kuilinda. Vijana walikata matawi ya miiba, wakalizungushia bwawa kama wanavyozungushia boma, safari hii kuwazuia ng'ombe wasiingie. Lemayian alipoanza kukusanya mifugo kulipokucha, Zamda alijifunga kitenge cha pili na kutangulia mbele.

"Unakwenda wapi?" kijana alimwuliza.

"Wewe ukibisha hodi kwenye mashamba yale, watakuitikia kwa panga. Mimi ni mtoto wao."

Alitembea mbele ya kundi jua zima, Naitoi akifuata nyuma na fimbo yake. Kila alipoona moshi wa jiko alikimbia kutangulia, akapiga goti, akasalimu, akaeleza. Wengine walipisha. Wengine walimtukana kwa Kizigua, kwa upole wa ndugu. Mzee Ukasha, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake, alimzuia kwenye mpaka wa shamba lake akiwa na jembe begani.

"Binti Mdoe. Ng'ombe umekuwa nao tangu lini?"

"Shikamoo, baba. Tangu jana."

"Marahaba. Na mihogo yangu hii ndiyo chakula chetu mpaka masika. Unaijua?"

"Naijua, baba. Nitapita mimi mpakani, wao wapite nyuma yangu. Shina watakaloligusa, nitarudi nilime badala yake."

Mzee aliwatazama wanyama wale, ndimi nje, wengine wakiyumba. "Nani kawafanya hivi?"

"Maji ya kiwandani, baba. Niliyoyalinda mimi."

Alishusha jembe. Hakusema pita. Alitangulia tu mwenyewe upande wa mihogo, akinung'unika njia nzima, akiwapiga ng'ombe midomo kwa mpini kila waliponyoosha shingo, mpaka wakamaliza shamba lake na la jirani yake.

Siku ya pili wakaanza kuanguka. Ndama walitangulia, kwa kuwa maziwa ya kuwabeba hayakuwapo. Lemayian alimbeba mmoja mabegani mpaka alipohisi hapumui, akamlaza chini ya kichaka bila kusimamisha kundi. Walipofika kwenye mteremko wa mto, wanyama walinusa maji kabla ya watu kuyaona, wakakimbia kwa namna ambayo hakuna aliyedhani miguu ile bado inaweza.

Walikunywa. Zamda aliketi kwenye mchanga, miguu imemchanika, akawa hawezi hata kujinawisha uso.

Naitoi aliingia majini hadi magotini, akaanza kuwaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, kama alivyozoea kuwaita jioni wakirudi bomani. Zamda hakukijua Kimaasai. Lakini aliona jinsi kila jina lilipotajwa kichwa kimoja kilivyoinuka kutoka majini, masikio yakageuka, kisha kikarudi kunywa. Halafu likatajwa jina, hakikuinuka kichwa. Mama alinyamaza kwa muda uleule ambao angemtazama ng'ombe aliyeitikia, ndipo akaita jingine. Majina ya namna hiyo yalikuwa mengi, naye hakuruka hata moja. Zamda alikaa pale mchangani akayasikiliza yote mpaka yalipokwisha.